Mtoto Anayeona Mchana na Kupotea Jioni: Tuijue Jeni ya RPE65

Katika huduma ya diakonia yapo maswali mawili kuhusu watoto wasioona ambayo huulizwa mara kwa mara. La kwanza ni la wazazi: "Sisi sote tunaona vizuri, wazee wetu waliona vizuri, imekuwaje mtoto wetu amezaliwa hivi?" La pili huulizwa na wajumbe wa kamati na hata na marafiki zetu wa ng'ambo: "Tumesikia Marekani wanatibu upofu wa kurithi kwa sindano moja. Je, tuanze kuchangisha?"

Maswali haya mawili yanaweza kujibiwa kwa pamoja kupitia mfano wa jeni moja inayoitwa RPE65. Ni jeni ya ugonjwa ulio nadra sana, wala hatutegemei kwamba kila usharika una mtoto mwenye ugonjwa huu. Lakini katika magonjwa yote ya macho ya kurithi, hili ndilo lililoeleweka vizuri kuliko mengi, na ndilo la kwanza kupata tiba ya jeni iliyoidhinishwa. Mambo tunayojifunza kwake yanatusaidia kumhudumia vema mtoto yeyote mwenye shida ya kuona.

Jicho na kreti la soda

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Hapo zimo seli zinazopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kama taarifa. Ndani ya seli hizo kuna kiini kidogo kinachotengenezwa kutokana na vitamini A, na umbo lake limepinda. Mwanga unapokigusa, hunyooka. Kule kunyooka ndiko kunakoanzisha kuona. Ndiyo sababu vitamini A ina uhusiano mkubwa na macho, jambo lililogunduliwa na mwanasayansi George Wald mwaka 1933 alipoikuta vitamini hiyo ndani ya retina. Kwa utafiti wake juu ya kuona alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1967.

Sasa, kiini kikishanyooka hakifai tena mpaka kipindwe upya. Tunaweza kukilinganisha na chupa ya soda. Mteja akishakunywa, chupa tupu haitupwi. Inarudishwa kwenye kreti, kreti linarudi kiwandani, chupa zinajazwa na kuletwa tena dukani. Katika jicho, duka ni zile seli zinazopokea mwanga, na kiwanda ni tabaka la seli nyeusi lililo nyuma yake. Safari hii ya kwenda na kurudi inafanyika kila wakati tukiwa macho, bila sisi kujua.

Kiwandani wapo wafanyakazi wengi, kila mmoja na kazi yake. Wafanyakazi hawa wa mwilini huitwa vimeng'enya, nao ni protini zinazobadilisha kitu kimoja kuwa kingine, kama vile zile zinazosaga chakula tumboni. Kimeng'enya cha RPE65 ndicho kinachopinda upya kile kiini kilichonyooka. Kwa mfano wetu, yeye ndiye anayejaza chupa. Asipokuwepo, hakuna mwingine katika tabaka hilo anayeweza kushika nafasi yake.

Jina lake si fumbo. Herufi tatu za mwanzo ni kifupi cha jina la kitaalamu la lile tabaka la seli nyeusi, na namba 65 inatokana na uzito wa protini yenyewe katika vipimo vya maabara. Jeni yake, yaani maelekezo ya kuitengeneza ambayo tunayarithi kwa wazazi, iko katika kromosomu namba 1. Watafiti wa Marekani waliitambua mwaka 1993. Mwaka 1997 ikathibitika kwamba kasoro katika jeni hiyo husababisha upofu kwa watoto, na mwaka 2005 ndipo ilipothibitishwa kwamba protini hiyo ndiyo kimeng'enya chenyewe kilichokuwa kikitafutwa kwa muda mrefu.

Mtoto mwenye kasoro hii anakuwaje?

Jeni hii ikiwa na kasoro, chupa tupu hurundikana kiwandani na rafu za duka zinabaki wazi. Ugonjwa unaotokea huitwa kwa kawaida upofu wa kuzaliwa wa Leber, kwa jina la daktari Mjerumani Theodor Leber aliyeueleza mwaka 1869. Leo inajulikana kwamba ugonjwa huo unaweza kusababishwa na kasoro katika jeni zaidi ya 20 tofauti, na RPE65 ni mojawapo tu. Kasoro za RPE65 pekee zilizokwisha kutambuliwa ni zaidi ya 100. Wengine huanza kuugua baadaye kidogo utotoni, na hao madaktari huupa ugonjwa wao jina jingine, ingawa chanzo ni kile kile.

Ukimtazama mtoto huyu kwa nje, macho yake ni safi. Hayana weupe, hayana usaha wala wekundu. Ndiyo maana mara nyingi huchelewa kugunduliwa. Dalili ambazo mzazi au mwalimu wa Shule ya Jumapili anaweza kuziona ni hizi:

- Macho yanachezacheza bila kutulia tangu miezi ya kwanza.
- Mtoto hafuati uso wa mama kwa macho, lakini anapenda mno kukodolea taa au dirisha lenye mwanga.
- Anakandamiza macho yake kwa vidole au ngumi mara kwa mara.
- Mchana wa jua kali anatembea na hata kucheza, lakini jua likizama, au akiingia ndani kwenye nyumba yenye giza, anagongana na vitu na kupapasa ukuta.

Dalili ya mwisho ndiyo hasa alama ya RPE65. Seli zinazotuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu ndizo zinazoathirika kwanza na kwa ukali zaidi. Seli zinazotumika kwenye mwanga mkali hubaki na nguvu kiasi kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mtoto huyu si "kipofu" kwa maana tuliyoizoea. Anao uwezo fulani wa kuona, nao unategemea mwanga. Lakini miaka inavyokwenda seli zenyewe huanza kufa, na wengi hupoteza sehemu kubwa ya uwezo huo wakiwa watu wazima. Tafadhali likumbukeni jambo hili la muda, maana tutalirudia.

Wengine husema mtoto wa namna hii anajifanya: mchana alikuwa anakimbiza mpira, jioni anadai haoni njia ya chooni. Wapo wanaoadhibiwa kwa sababu hiyo. Mtoto hajifanyi. Jicho lake limeishiwa.

Unarithiwa namna gani, na ni kosa la nani?

Kila mtu hupokea jeni ya RPE65 mara mbili, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala moja nzima inatosha kabisa kwa kazi ya jicho. Mtu mwenye nakala moja nzima na moja yenye kasoro anaona vizuri maisha yake yote na hajui kwamba ameibeba. Tatizo hutokea pale ambapo baba na mama wote wawili wamebeba kasoro, na mtoto akapokea nakala mbovu kutoka kila upande.

Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa, nafasi mbili kati ya nne za kupata mtoto anayeona lakini amebeba kasoro kama wazazi wake, na nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto asiye na kasoro yoyote. Hesabu hiyo inaanza upya kwa kila mimba. Kuwa na mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama.

Hapa ndipo penye jibu la lile swali la kwanza. Wazazi wanaweza kuona vizuri, na babu na bibi wakaona vizuri, na bado kasoro ikawa imesafiri kimya kimya vizazi vingi katika koo zote mbili. Pale ambapo ndugu wa damu wanaoana, kwa mfano watoto wa ndugu wawili, uwezekano wa kukutana kwa kasoro ile ile huongezeka. Hata hivyo unaweza pia kutokea kwa watu wasio na undugu wowote.

Hali hii inapotokea, lawama nyingi humwangukia mama. Husemwa kwamba alivunja mwiko akiwa mjamzito, kwamba ukoo wao una laana, au kwamba kuna jirani aliyemtazama mtoto kwa jicho baya. Sayansi inatuambia wazi kwamba mchango wa baba na wa mama katika ugonjwa huu ni sawa sawa, nusu kwa nusu, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyefanya jambo lolote kuuleta. Aidha, kila mwanadamu hapa duniani amebeba kasoro kadhaa zilizolala katika jeni zake. Wachungaji na wainjilisti wetu wanaijua habari ya kipofu tangu kuzaliwa katika Injili ya Yohana, sura ya 9, ambapo wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana akawakatalia yote mawili. Mafundisho hayo yanafaa kurudiwa nyumbani kwa familia yenye mtoto wa namna hii, tena baba akiwepo.

Je, matone ya vitamini A hayawezi kumponya?

Swali hili ni la busara, kwa kuwa kutoona vizuri usiku ni dalili pia ya upungufu wa vitamini A. Tanzania watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa vitamini A mara mbili kwa mwaka, na kampeni hiyo ni ya kuungwa mkono na kila usharika. Mtoto anayekosa kuona usiku kwa sababu ya lishe hupata nafuu upesi akipewa vitamini hiyo na vyakula kama maini, mayai, maboga, karoti, mchicha na viazi lishe.

Lakini kwa mwenye kasoro ya RPE65 tatizo si upungufu wa malighafi. Rudini kwenye mfano wetu: maji na sukari vimejaa ghalani, ila anayejaza chupa hayupo. Kuongeza sukari hakutasaidia. Tena vitamini A ikizidi mwilini ni sumu, inaweza kudhuru ini, na kwa mama mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hivyo basi, mzazi asimwongezee mtoto dozi kwa kujaribu. Mtoto akipewa vitamini A kama inavyotakiwa na bado akapotea jioni, hiyo ni sababu ya kumpeleka kwa daktari wa macho.

Kutoka kwa mbwa hadi kwa watoto

Tiba ilianzia mahali pasipotarajiwa. Kuna mbwa wa kufugia kondoo wenye asili ya Ufaransa waitwao Briard. Nchini Sweden iligunduliwa kwamba baadhi yao huzaliwa wakiwa hawaoni, na baadaye ikajulikana kwamba jeni yao iliyoharibika ni hii hii ya RPE65. Watafiti wa Marekani walichukua kirusi kidogo kisichojulikana kusababisha ugonjwa, wakakiondolea jeni zake na kukibebesha nakala nzima ya RPE65, kisha wakakidunga chini ya retina ya watoto wa mbwa hao. Mwaka 2001 walitangaza kwamba watoto watatu wa mbwa wameanza kuona. Walipotembezwa katikati ya vizuizi, walivikwepa vilivyokuwa upande wa jicho lililotibiwa, na wakavigonga vya upande wa pili.

Mwaka 2007 majaribio kwa binadamu yalianza London, na mwaka huo huo Philadelphia. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2008. Jaribio kubwa zaidi, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2017, lilitumia kipimo rahisi kueleweka: mgonjwa anafuata mishale sakafuni kati ya vizuizi huku taa zikipunguzwa hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja, 13 kati ya watu 20 waliotibiwa waliweza kuimaliza njia hiyo kwenye mwanga hafifu kuliko wote uliotumika, unaokaribia giza la usiku usio na mbalamwezi. Katika kundi ambalo lilikuwa bado halijatibiwa, hakuna hata mmoja aliyeweza.

Desemba 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa jina la Luxturna, na Ulaya ikafuata Novemba 2018.

Mipaka ya tiba hii

Ni wajibu wetu kueleza upande wa pili, ili mtu asije akauza shamba kwa matumaini yasiyo na msingi.

Kwanza, tiba hii ni kwa wenye kasoro katika nakala zote mbili za RPE65 tu. Mwenye upofu wa Leber kutokana na jeni nyingine haimsaidii. Kwa hiyo kipimo cha vinasaba ni lazima kitangulie. Daktari hawezi kukisia kwa kutazama jicho.

Pili, ni lazima seli za retina ziwe bado hai. Jeni mpya humrudisha mfanyakazi kiwandani, lakini haijengi upya duka lililokwisha bomoka.

Tatu, si "sindano moja" ya kliniki. Ni upasuaji ndani ya jicho, kila jicho kwa siku yake, pamoja na dawa za kutuliza kinga ya mwili. Wengine wamepata madhara, kama vile mtoto wa jicho au kutoboka kwa retina.

Nne, haileti macho mapya. Faida kubwa ni kuona kwenye mwanga hafifu na kutembea bila kushikwa mkono. Baadhi ya wagonjwa wa majaribio ya mwanzo, taarifa zao zikitolewa mwaka 2015, walionekana kupungukiwa tena uwezo waliokuwa wameupata baada ya miaka michache. Katika jaribio lile la 2017, wengi wameendelea kunufaika kwa miaka kadhaa.

Tano ni bei. Ilipotangazwa Januari 2018 ilikuwa dola za Marekani 850,000 kwa macho yote mawili. Hiyo ni bei ya dawa peke yake.

Kamati za sharika zifanye nini?

Kwa kuwa bei hiyo iko mbali na uwezo wetu, mtu anaweza kusema ujuzi huu hautufai. Sivyo. Mambo yafuatayo yako ndani ya uwezo wa kamati yoyote.

1. Mpelekeni mtoto mapema. Watoto wengi wenye shida ya kuona hawana ugonjwa huu nadra, na wengi wao wanaweza kutibiwa au kusaidiwa hapa hapa nchini. Mtoto wa jicho kwa mtoto mchanga hufanyiwa upasuaji, na kuchelewa ndiko kunakoharibu. Mkiona mng'ao mweupe katikati ya jicho la mtoto, ni dharura, kwani inaweza kuwa hata saratani. Anzeni na kituo cha afya, kisha hospitali yenye idara ya macho kama KCMC Moshi, Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam. Mara nyingi kinachomkwamisha mzazi ni nauli.

2. Tumieni mwanga uliopo. Mtoto anayeona mchana aketishwe karibu na dirisha. Apewe maandishi makubwa meusi kwenye karatasi nyeupe. Nyumbani apatiwe taa nzuri. Shule imruhusu kuondoka kabla giza halijaingia, na asitumwe kuchota maji wala kununua kitu dukani jioni.

3. Mwandaeni kwa kesho. Hapa tunarudi kwenye lile jambo la muda. Kwa kuwa uwezo wa kuona unaweza kupungua miaka inavyokwenda, ni vema ajifunze nukta nundu na kutumia fimbo nyeupe akiwa bado anaona kidogo, kuliko kungoja mpaka giza liwe la moja kwa moja.

4. Iondoeni lawama. Wazee wa kanisa wamtembelee baba na mama kwa pamoja na kuwaeleza kwa lugha rahisi ile hesabu ya nusu kwa nusu.

5. Tunzeni kumbukumbu. Andikeni tarehe ya kuzaliwa, lini dalili zilianza, kama kuna ndugu mwingine mwenye shida hiyo katika ukoo wowote kati ya koo mbili, na majibu ya daktari. Karatasi hizo zikitunzwa vizuri, siku kipimo cha vinasaba kitakapopatikana kwa urahisi zaidi familia haitaanzia sifuri. Habari hizi ni siri ya familia, zisisomwe kwenye matangazo ya ibada.

Neno kwa wafadhili na marafiki

Tunajua kwamba picha ya mtoto mmoja na tiba moja ya ajabu hugusa moyo haraka. Tunawaomba msianzishe changizo la tiba ya jeni kwa mtoto yeyote kabla hajachunguzwa na kabla kipimo hakijaonyesha kwamba ana kasoro hiyo hasa. Familia iliyoahidiwa macho na kisha ikaambiwa jeni si yenyewe hubaki na jeraha jipya juu ya lile la kwanza. Nauli ya kwenda hospitali, miwani ya uoni hafifu, mashine ya kuandikia nukta nundu, na mwalimu aliyefunzwa kumhudumia mtoto asiyeona vizuri, hivi havina habari ya kusisimua, lakini huwafikia watoto wengi na huwafikia wakati uwezo wao wa kuona ungali upo.

Wakati huo huo tusikate tamaa. Kutoka kutambuliwa kwa jeni hii mwaka 1993 hadi kuidhinishwa kwa tiba yake mwaka 2017 ilipita miaka 24, na watafiti wanaendelea kutafuta tiba za jeni nyingine za macho. Mtoto aliyezaliwa leo anaweza kuishi kuuona wakati ambapo tiba kama hii imekuwa karibu naye zaidi. Wajibu wetu kwa sasa ni kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika anatambulika, amesoma, na hajawahi kuambiwa kwamba yeye ni laana.

Kamati yenye mtoto wa aina hii katika eneo lake iwasiliane na Idara ya Diakonia kupitia ofisi ya mchungaji wa usharika.